Ndizi Zipo, Mboga Je?

Kagondo ziko mbili. Moja ni kata ya Manispaa ya Bukoba, yenye vyumba vya kupanga na vijiwe vya bodaboda. Nyingine iko Muleba, penye hospitali ya Jimbo Katoliki la Bukoba na vibanja vya migomba pande zote. Swali linalogombaniwa hapa ni la zote mbili: je, mwenye kipato kidogo anaweza kula chakula halisi kinachojenga mwili, au anapewa tu ushauri usiotekelezeka? Wasemaji nimewataja kwa kazi na hali zao, maana hoja hizi ni za wengi.

MUUGUZI: Nianze mimi ninayeshika mizani ya kliniki. Watoto wengi wanaonitia wasiwasi hawaji na njaa. Wanakuja wameshiba. Mama anasema mtoto anakula sana, na ni kweli: ndizi mchana, ndizi jioni, katikati chai ya rangi yenye sukari. Ila urefu wake hauendani na umri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mkoa wetu wa Kagera uko juu ya wastani huo. Hapa mvua inanyesha misimu miwili. Hapa kuna ziwa. Dagaa, maharage, mchicha, mnavu, majani ya maboga, papai, vyote tunavifuata kwa miguu. Kwa hiyo nasema bila kuogopa: tatizo letu si bei.

MPANGAJI: Si bei kwa nani, nesi? Mimi nimepanga chumba Kagondo ya mjini. Sina mgomba hata mmoja. Ndizi nanunua, maharage nanunua, maji nanunua, mkaa nanunua. Ukiniambia maharage ni rahisi, umehesabu maharage peke yake. Hesabu na mkaa wake. Maharage makavu yanachemka saa mbili, na yakiwa ya msimu uliopita yanakaribia tatu. Mkaa huo ungenipikia ugali na mchicha siku mbili. Andazi la mtoto halidai mkaa wangu hata kidogo. Ninyi mnapanga bei ya chakula kwenye mizani ya sokoni, mimi naipanga jikoni.

MUUGUZI: Yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, weka mapya, funika sufuria. Muda unapungua sana, na hata gesi ya tumboni inapungua.

MPANGAJI: Naloweka. Na naweka magadi, maana hata baada ya kuloweka bado mkaa unakwisha.

MUUGUZI: Na magadi ndiyo yanayoharibu. Yanalainisha maharage, sawa, lakini yanaua vitamini za kundi B, hasa B1. Unakuwa umelipia maharage na kumwaga sehemu ya faida yake.

MPANGAJI: Basi nichagulie, nesi. Nile maharage yaliyopoteza vitamini, au nisile maharage kabisa? Mbele ya jiko langu hakuna chaguo la tatu.

MUUGUZI: Kama ni hayo mawili tu, kula maharage na magadi yake. Nitakuwa mjinga nikikwambia vingine. Protini yake na madini yake bado yapo. Lakini sikubali kwamba chaguo la tatu halipo.

MWENYE KIBANJA: Mwanangu nesi, kabla hamjafika kwenye mkaa, ulianza kwa kuituhumu ndizi. Mimi natoka Kagondo ya Muleba, na kibanja nilichonacho nilikikuta kwa baba. Ndizi haihitaji ghala. Haihitaji mashine ya kusaga. Haingoji msimu: ukiitunza kwa samadi na nyasi za matandazo, inakupa mkungu mwaka mzima. Kuna sehemu za nchi hii watu wanachungulia ghala mwezi wa pili wakihesabu magunia. Sisi tunaingia kibanjani na panga. Leo inageuka kuwa adui wa watoto?

MUUGUZI: Sijasema adui, mzee wetu. Ndizi ina wanga wa kutosha, ina potasiamu, ina vitamini B6. Nasema haitoshi. Gramu 100 za ndizi hazifiki gramu 2 za protini. Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya 20. Katika makundi ya chakula, ndizi ya kupika inakaa na nafaka na mizizi, yaani kundi la kutia nguvu. Mtoto wa mwaka mmoja ana tumbo dogo. Likijaa ndizi, hakuna nafasi ya kitu kingine.

MWENYE KIBANJA: Na nani alikwambia sisi tulikula ndizi tupu? Ndizi na maharage vilipikwa chungu kimoja tangu nikiwa mtoto. Chini ya migomba palikuwa na maharage, palikuwa na magimbi, viazi vikuu, nyanya chungu, maboga yanatambaa. Ziwani kulikuwa na furu, samaki wadogo wa kila nyumba. Kisha akaletwa sangara, miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 furu wakawa wamekwisha karibu wote. Sangara ni samaki mkubwa, na mkubwa huyo anakwenda kiwandani. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki. Mnailaumu ndizi kwa kuwa ndiyo iliyobaki peke yake sahanini. Waulizeni waliovichukua vile vingine.

MPANGAJI: Hapo mzee umesema. Mapanki nayajua. Kichwa na mifupa vilivyokaangwa, ninavipata kwa bei yangu, na watoto wanapata mchuzi wenye harufu ya samaki. Nikipata sato mzima, ujue kuna sikukuu.

MUUGUZI: Lakini dagaa wapo! Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, na ndiyo maana ana madini ya chokaa ambayo mnofu wa sangara hauna kwa wingi. Kiganja kimoja cha dagaa waliosagwa kwenye ndizi iliyopondwa kinambadilisha mtoto wa miezi saba. Kiganja kimoja. Na dagaa wanashushwa Kemondo hapo, wanatoka visiwa vya Muleba, Goziba, Bumbire. Ni chakula chetu.

MUUZA GENGE: Naomba niingie, maana dagaa mnawataja kana kwamba wana bei moja. Dagaa wana bei mbili. Wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, kopo linapanda. Mteja wangu asiyelijua hilo ananiona mwizi. Halafu kuna jambo la pili. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili hawaliwi na watu. Wanaliwa na kuku. Viwanda vya chakula cha mifugo vinanunua kwa magunia, na mimi ninayenunua ndoo mbili nashindana nao mwaloni. Mama huyu mwenye mia tano anashindana na kuku wa Dar es Salaam.

MUUGUZI: Wale wa kuku wengi ni wale walioanikwa mchangani.

MUUZA GENGE: Ndiyo, na wa chanja wana bei yao juu. Kwa hiyo dagaa msafi ni ghali, dagaa wa bei ndogo ana mchanga. Mama anamwosha mara tatu, na maji ananunua.

MPANGAJI: Umesikia, nesi? Kila chakula chenu cha bei nafuu kina mkia. Maharage yana mkaa, dagaa wana maji, mchicha una mafuta. Na mafuta sinunui lita. Nanunua ya kupima, ya leo tu. Nikijumlisha vipimo vya mwezi, nimelipa zaidi ya mwenye kununua dumu. Maskini analipa zaidi kwa kitu kilekile, kwa sababu hana pesa ya kununua kwa pamoja. Mwenye dumu anakwenda nyumbani, mwenye kichupa anarudi dukani kesho.

MUUGUZI: Naomba nikujibu kwa vitu ninavyoviona, si kwa vitabu. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika, bei ikaruka mpaka Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Tena sisi tunaishi mkoa wenye kiwanda cha sukari, pale Misenyi. Wiki zile niliona nini? Niliona mama anazunguka maduka matatu kutafuta robo kilo ya sukari kwa bei ambayo ingempatia mayai. Aliipata pesa. Soda, biskuti, keki za dukani, chipsi za jioni, hizo nazo ni pesa. Sisemi watu hawana shida. Nasema ndani ya shida hiyohiyo kuna shilingi inayopotea njia.

MPANGAJI: Sukari ile inakwenda kwenye uji na chai, na chai ndiyo kifungua kinywa chetu. Mtoto anayekwenda shule kilomita mbili bila kitu tumboni, sukari inamfikisha. Yai moja kwa watoto wanne ni ugomvi. Robo ya sukari ni asubuhi tano zenye amani. Usiiite shilingi iliyopotea njia.

MUUGUZI: Na hiyo chai inayokwenda na chakula inachukua chuma kilichomo kwenye maharage yako. Chai na kahawa zinazuia mwili kunyonya chuma. Nchini mwetu wanawake zaidi ya wanne katika kila kumi wana upungufu wa damu. Kunywa chai, lakini ngoja saa moja baada ya kula. Na kwenye maharage weka limau, au kula chungwa, papai, pera. Hilo halikugharimu mkaa wala mafuta. Pera linaoza njiani hapa!

MPANGAJI: Hilo nalikubali. La saa moja sikulijua, na halina bei.

MWENYE KIBANJA: Hata kahawa?

MUUGUZI: Hata kahawa, mzee.

MWENYE KIBANJA: Kagera umwambie mtu angoje saa moja kunywa kahawa. Haya, nimesikia.

MUUGUZI: Na kuna parachichi. Mafuta mazuri, hayahitaji jiko. Mama asiye na mafuta ya kupikia anaponda nusu ya parachichi kwenye ndizi ya mtoto, amemaliza.

MUUZA GENGE: Parachichi lililo zuri haliji kwangu, dada. Linaondoka juu ya lori kabla halijaiva, kwenda Mwanza na mbele zaidi. Linalobaki ndilo lililodondoka. Na siwalaumu wenye miti. Lori linalipa siku hiyohiyo.

(Naingilia hapa mara moja kama mwandishi. Tunapozungumzia chakula cha maskini tunazoea kumtazama mnunuzi peke yake, kana kwamba soko limeshuka kutoka mbinguni likiwa limekwisha pangwa. Maneno ya muuza genge yanamtoa mama kwenye kiti cha mshtakiwa, na nadhani yanapaswa kusikilizwa na watu wenye nguvu zaidi yetu. Narudisha nafasi kwa wasemaji.)

MUUGUZI: Sawa, lori lipo. Lakini mti uko kwa nani? Uko kwa mzee wetu. Maharage yaliyovunwa mwezi wa sita yako wapi mwezi wa kumi? Tunawapima watoto wa wenye vibanja pia, na hao hawanunui mkaa. Kuni ziko nyuma ya nyumba. Kama hoja ni mkaa na kupanga, wa kwake mbona wamedumaa?

MWENYE KIBANJA: Maharage yaliuzwa.

MUUGUZI: Yaliuzwa kwa nini?

MWENYE KIBANJA: Kwa sababu mwezi wa saba shule zinafunguliwa. Ada ilifutwa, lakini sare haikufutwa, wala madaftari, wala mchango wa chakula cha mchana cha shule. Mahindi na maharage ya shule nayatoa mimi. Ukivuna, kila mtu amevuna, bei iko chini, lakini haja haikungoji. Unauza kwa bei ya chini, unanunua kwa bei ya juu. Nalijua hilo kama unavyolijua wewe, mwanangu. Kulijua hakuniongezei mfuko.

MUUZA GENGE: Na hapo mzee hajalitaja la kahawa.

MWENYE KIBANJA: La butura? Nitalitaja mwenyewe. Kahawa ikiwa bado ua, au punje changa, mtu anakuja na pesa mkononi. Unamuuzia kahawa iliyoko mtini kwa bei anayoitaka yeye, kwa sababu una mgonjwa au una mtoto amerudishwa nyumbani. Serikali imelipiga marufuku miaka na miaka. Linafanyika gizani, kati ya watu wawili. Msimu ukifika, mvunaji ni wewe, mwenye kahawa ni yeye. Sasa niambie, mtu aliyeuza kahawa kabla haijaiva, unamshauri anunue mayai?

MUUGUZI: Simshauri anunue. Namwambia asiuze yote aliyonayo. Kuku watano wanaotaga nyumbani, mayai yanakwenda wapi?

MPANGAJI: Yanakwenda kununua sabuni na chumvi. Nimezaliwa kijijini kabla ya kuja mjini, nayajua. Na nikiongea juu ya kijijini, mzee wangu, nitasema neno ambalo huenda lisikupendeze.

MWENYE KIBANJA: Sema, mama. Mjadala hauna heshima ya kunyamaza.

MPANGAJI: Kibanja kina mikungu. Nani anaamua mkungu upi unakwenda jikoni, upi sokoni, upi kwenye mtumbwi wa pombe ya lubisi? Mbire hatuli, sawa, hizo ni ndizi za pombe. Lakini migomba ya mbire imekalia ardhi ambayo ingebeba ya kupika. Na pesa ya lubisi haijawahi kununua dagaa nikaona. Mama analima maharage, analichimba shamba, anabeba mbolea kichwani. Akishavuna, gunia lina mwenyewe. Nesi anamwita mama kliniki amfundishe makundi ya chakula. Mama anayajua! Anayempa somo si mwenye funguo.

MWENYE KIBANJA: Unasema wanaume wa Kihaya wanakula watoto wakiwatazama?

MPANGAJI: Nasema kuna desturi zilizomweka mama na mtoto nyuma kwenye sahani. Tazama senene hizi, aina ya panzi, tunazozisifu. Mwanamke ndiye aliyekuwa anatoka alfajiri kuzikamata, anazinyonyoa, anazikaanga, anampelekea mume, na mume anamnunulia gomesi. Na kuzila hakuruhusiwa. Chakula chenye protini na mafuta kuliko vingi tulivyonavyo, aliyekamata, tena pengine ana mimba au ananyonyesha, alipewa nguo.

MWENYE KIBANJA: Mila hiyo imekwisha. Nyumbani kwangu wanakula wote.

MPANGAJI: Ya senene imekwisha kwa wengi, namshukuru Mungu. Firigisi ya kuku inaliwa na nani nyumbani kwako?

MWENYE KIBANJA: ...Hilo ni heshima, si lishe.

MPANGAJI: Nyama ni nyama, Tata. Tumbo halijui heshima.

MUUZA GENGE: Na senene siku hizi siyo ya maskini. Wenye mitego ya mabati na taa kali wanazikamata mwezi wa kumi na moja kwa mapipa, zinapakiwa, zinasafirishwa. Kilichokuwa kinaanguka bure uani sasa kina bei ya nyama.

MWENYE KIBANJA: Mama, nimekusikia, na sitakubishia kila neno. Lakini nawe unisikie. Unasema ardhi ya mbire ingebeba ndizi ya kupika. Kibanja cha baba tuligawana ndugu wote wa kiume. Changu nitawagawia wanangu, na kitakuwa kama uwanja wa nyumba. Ng'ombe hakuna, kwa hiyo samadi hakuna. Mwaka 2006 mnyauko ulipoingia, Muleba ndipo ulipoonekana kwanza nchini, tuling'oa migomba tukaifukia kama tunazika watu. Tukafundishwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, siyo kwa kisu, na kisu kiunguzwe motoni. Tulifanya. Tukaletewa na migomba mipya: aina za FHIA zilikuwa zimetangulia, halafu mwaka 2021 watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, ambao kituo chao cha Maruku kiko hapa Bukoba, wakatoa aina nne za TARIBAN. Mikungu mikubwa, inavumilia magonjwa. Wako wanaoipanda, wako wanaosema hailainiki kama ya kwetu. Mimi nimepanda. Ninachosema ni kwamba mtu huyu mnayemwona amekaa na lubisi lake jioni amepigana na vitu vingi kabla hajafika kwenye sahani ya mtoto.

MUUGUZI: Na mtoto, mzee? Tangu mimba mpaka miaka miwili ndio wakati wa kujenga urefu na ubongo. Kinachokosekana hapo hakirudi chote. Mtoto wa miezi tisa hawezi kungoja kibanja kipone.

MWENYE KIBANJA: Basi leo, kwa kibanja kilivyo, unataka nifanye nini? Usinipe makundi. Nipe kitu.

MUUGUZI: Debe moja la maharage lisiuzwe. Moja tu, na liwe la mama, asiulizwe. Liwekwe kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, wadudu wanakufa bila dawa. Pembeni ya kibanja panda viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Aina iitwayo Kabode ipo, na mtoto anapata vitamini A kwa kiazi kidogo. Kuku mmoja mayai yake ni ya mtoto. Na majani ya maboga usiyatupe ukidhani ni ya ng'ombe.

MWENYE KIBANJA: La debe nalichukua. La "asiulizwe" nitalifikiria.

MPANGAJI: Hapohapo ndipo penye kazi.

MUUGUZI: Nawe mama wa mjini sijakusahau. Unga wako ni upi?

MPANGAJI: Sembe.

MUUGUZI: Dona ni bora. Kiini na ganda vyote vimo.

MUUZA GENGE: Dona dukani kwangu haikai, dada. Wiki chache inachacha, kwa ajili ya yale mafuta ya kiini. Sembe inakaa. Ndiyo maana maduka madogo yanauza sembe.

MPANGAJI: Na dona nikisagishiwa mahindi yaliyolowa? Redioni tulisikia habari za sumukuvu.

MUUGUZI: Hofu yako ni ya kweli. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, vile vile tunavyovisifu. Kwa hiyo nasema dona ya mahindi makavu, yaliyochambuliwa, usage kidogo kidogo. Vivyo hivyo unga wa lishe, ule wanaochanganya mahindi, soya, ulezi na karanga mbovu humohumo. Mama analipa zaidi akidhani amenunua afya. Afadhali ulezi peke yake, na dagaa ukawasaga mwenyewe.

MPANGAJI: Unaona jinsi ushauri wako unavyorefuka? Nikague, nichambue, nisagishe kidogo kidogo, niloweke, ningoje saa moja. Kila hatua ni muda wangu. Natoka saa kumi na mbili asubuhi kufua nguo za watu, narudi jua limezama. Chakula chako cha bei nafuu kinalipiwa na mgongo wa mwanamke. Mtu wa kipato kikubwa ana msichana wa kazi wa kuloweka hayo maharage.

MUUGUZI: Ni kweli. Na sina dawa ya muda.

MPANGAJI: Na gesi mnayotuhubiria? Mkakati wa taifa unasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Mtungi nilipata. Ulipokwisha, pesa ya kujaza sikuwa nayo kwa mkupuo. Umekaa chini ya kitanda, nimerudi kwenye mkaa wa kopo. Ni lile la mafuta ya kupima tena.

MUUZA GENGE: Mama, kule sokoni kuna wanaochemsha maharage sufuria kubwa na kuuza kwa kikombe. Moto mmoja, nyumba ishirini. Ukijumlisha mkaa wako, kikombe kile si ghali. Unakuja nyumbani unaunga kitunguu na nyanya, umemaliza.

MPANGAJI: Nayajua. Yana magadi.

MUUZA GENGE: Mengine hayana. Muulize anayepika.

MUUGUZI: Au mpike wenyewe. Nyumba mnayopanga mko wapangaji wangapi?

MPANGAJI: Wanne, ua mmoja.

MUUGUZI: Loweka ya wanne, chemsha mara moja Jumamosi na mara moja Jumatano, mgawane yakiwa hayajaungwa, kila mtu akaunge kwake. Mnanunua debe kwa pamoja wakati wa mavuno badala ya kilo. Bila magadi, maana mkaa umegawanyika mara nne. Chaguo la tatu ndilo hilo nililokuwa nalisema.

MPANGAJI: Uani tuna mita moja ya umeme, nesi, na kila mwezi tunagombana nani amepiga pasi. Unataka tugawane sufuria.

MWENYE KIBANJA: Maharage debe moja nitakuuzia mimi, kwa bei ya mwezi wa saba. Hilo naweza.

MPANGAJI: La mzee naweza kulichukua, na watatu niliopanga nao nitawaambia. Wawili watakubali, mmoja ana mtoto wa miezi minane na anahitaji kuliko sisi sote, lakini ndiye asiyekuwa na pesa ya kuanzia. Sasa robo yake ya debe na ya mkaa, mwezi ule wa kwanza, ataitoa nani?

MUUGUZI: Mna kikoba?

MPANGAJI: Tunacho. Kanuni zake zinakopesha biashara. Maharage ya mtoto hayahesabiwi kuwa biashara.

MUUGUZI: Kanuni nani aliziandika?

MPANGAJI: Sisi wenyewe.